Kudumu Bila Mtenda: Uhakiki wa Maneno ya Umilele katika Kiswahili cha Sera, kwa Mfano wa Gitaza na Mwambao wa Rumonge

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna maneno ya Kiswahili yanayotaja mambo yasiyo na mwisho, hasa milele, daima na kudumu, yanavyotumika katika lugha ya sera. Mfano wake mkuu ni Gitaza, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, mahali ambapo ahadi za makazi, barabara na amani "ya kudumu" zimekutana na mlima unaoporomoka na ziwa linalopanda. Hoja yake ni kwamba kirai -a kudumu kimebebeshwa kazi za maneno kadhaa na, kwa sababu hiyo, kimemficha mtenda na kuficha kipimo cha muda. Kirundi, lugha ya kwanza ya wakazi wengi wa mwambao huo, kinatoa njia mojawapo ya kukirudishia kitenzi hiki maana yake.

1. Mlima, maji na kirai

Gitaza iko katika tarafa ya Muhuta, kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ya taifa namba 3 inayofuata ziwa hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Upande mmoja wa barabara ni maji. Upande wa pili milima huanza karibu mno na lami. Machi 2015 mlima ulishuka. Maporomoko ya ardhi na matope yaliua watu, yakabomoa nyumba na kuikata barabara, na wengi wa walionusurika wakapelekwa kwenye maeneo yaliyoitwa ya muda. Mwezi huohuo ndipo mkoa wa Rumonge ulipokuwa unazaliwa, na Muhuta ikatolewa Bujumbura Vijijini ikaingizwa humo. Mkoa wenyewe haukupita sana miaka 10: mageuzi ya utawala yaliyotekelezwa 2025, yakabakiza mikoa 5 nchini kote, yaliufuta. Ziwa nalo halikutulia. Katika miaka ya karibuni maji yalipanda, na 2024 yakakaribia kimo cha 1964 ambacho wazee wa mwambao walikuwa wakikisimulia kama jambo la mara moja.

Mahali kama hapa ndipo neno la umilele linapopimwa. Tangu 2018, Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipoidhinisha fedha za kukarabati kilomita 45 za barabara kati ya Rumonge na Gitaza, pamoja na kipande cha Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Kigoma, jina la Gitaza limo katika majalada ya nchi mbili. Majalada hayo yanapojadiliwa kwa Kiswahili, katika warsha, redioni na katika mikutano ya hadhara, kirai kimoja hakikosekani: barabara ya kudumu, makazi ya kudumu, suluhisho la kudumu, amani ya kudumu. Anayekisikia hapati shida kukielewa, na hapo ndipo penye tatizo. Kirai hiki kinaeleweka upesi mno.

2. Milele haina mnyambuliko

Kamusi zetu aghalabu huyaeleza maneno haya kwa mzunguko: milele hufafanuliwa kwa daima, daima kwa siku zote, na siku zote humrudisha msomaji kwenye milele. Mzunguko huo unamtosha mwanafunzi wa shule ya msingi. Haumtoshi mtu anayeandika mwongozo wa kuhamisha kijiji. Sarufi, kwa bahati nzuri, inayatenganisha maneno haya kwa ukali kuliko kamusi.

Milele haina kitenzi. Inaweza kupewa u- ikawa umilele, inaweza kutanguliwa na -a unganifu, basi. Hakuna mtu anayeweza kuinyambua akapata tendo. Makao yake ya asili ni ibada: uzima wa milele, raha ya milele, adhabu ya milele. Katika matumizi hayo yote mwanadamu hapewi kazi ya kuitunza hiyo milele. Anaipokea au anaiogopa. Ushairi wa kale wa Kiswahili uliuheshimu mpaka huo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mwanzoni mwa karne ya 19, aliyatazama majumba ya Pate yaliyokuwa magofu na kutunga Al-Inkishafi. Utenzi huo, kama mapokeo yote yanayouzunguka, unaiacha dunia iwe ya kupita na kuiwekea ahera peke yake mambo yasiyo na mwisho. Mshairi wa zama zile angeshangaa kusikia choo cha shule au tangi la maji likiitwa la kudumu.

Abadi, ambayo zamani ilisimama pamoja na azali (hii isiyo na mwanzo, ile isiyo na mwisho), imepata hatima ya ajabu. Katika mazungumzo ya pwani abadani maana yake ni "kamwe", "hata kidogo". Umilele umegeuka kukataa. Huenda hilo ndilo neno la kweli kuliko yote katika kundi hili, kwa kuwa kukataa ndiko binadamu anakoweza kukutimiza pasi na bajeti.

Daima na dumu ni ndugu wa tumbo moja: mzizi wao ni ule wa Kiarabu wa d-w-m, uliotupa pia dawamu tunayoisikia katika daima dawamu. Lakini ndugu hawa waligawana urithi. Daima ilichukua nafasi ya kielezi, ikatulia. Dumu ilichukua nafasi ya kitenzi, nayo kwa hiyo ilipata kila kilicho haki ya kitenzi cha Kiswahili: kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha ukanushi, na mnyambuliko. Husemwa "haikudumu". Husemwa "itadumu tukiitunza". Husemwa "wameidumisha". Kauli ya kutendesha, dumisha, ina uzito wa pekee, maana haiwezi kutamkwa bila kumtafuta mwenye kufanya. Hata wimbo wa taifa wa Tanzania unapokitumia kitenzi hicho unamwelekea anayeombwa kuifanya kazi hiyo, naye ni Mungu.

Tofauti kubwa basi ni hii: kudumu kunaweza kushindikana. Mtu anaweza kusema amani haikudumu. Hawezi kusema amani haikumilele. Kitenzi kinabeba ndani yake uwezekano wa kuanguka, na kwa hiyo kinabeba swali la nani alikuwa zamu.

Mazungumzo ya kawaida ya mwambao yana neno la nne ambalo kamusi hazilihesabu miongoni mwa maneno ya umilele, nalo ni kukaa. Ndagala waliokauka vizuri hukaa. Viatu vizuri hukaa. Mafuta ya mawese yaliyochemshwa ipasavyo hukaa. Msemaji hahitaji kuongeza muda, kwa kuwa kila bidhaa ina muda wake unaojulikana sokoni: ndagala hawatarajiwi kukaa kama jembe. Na neno makazi, ambalo sera hulipenda, limetoka hukohuko kwenye kukaa. Anayesema makazi ya kudumu, kwa hiyo, anasema mara mbili jambo moja, labda kwa sababu anahisi kwamba mara moja haikutosha.

3. Njia ya Kifaransa na njia ya Kiingereza

Kiswahili cha sera nchini Burundi na mashariki ya Kongo hutafsiriwa kwa kiasi kikubwa kutoka Kifaransa. Kile cha Dodoma na Nairobi hutoka zaidi katika Kiingereza. Tofauti hii ingekuwa jambo la wataalamu wa istilahi peke yao kama isingegusa neno letu. Kiingereza kina maneno mawili, moja la kitu kisichochakaa upesi na jingine la mwenendo unaoweza kuendelea bila kumaliza rasilimali. Tanzania na Kenya ziliyapa maneno hayo tafsiri mbili: kudumu na endelevu. Kifaransa kina neno moja, durable, kwa yote mawili. Ndiyo sababu Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa huweza kukutwa upande wa Kongo yakiitwa ya maendeleo ya kudumu, na mfasiri hajakosea. Ameitii lugha chanzi yake.

Matokeo yake hujitokeza pale wataalamu wa pande mbili wanapokaa meza moja. Chukua Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika wa 2009 kuhusu wakimbizi wa ndani. Kifungu chake cha 11 kinazitaka nchi zitafute suluhisho la muda mrefu kwa watu waliohama, kwa njia ya kurejea, kuchanganyika na jamii walikohamia, au kuhamishiwa kwingine, na papo hapo kinadai kwamba njia hizo ziwe na uendelevu. Mawazo ni mawili: suluhisho lisikome, na namna ya kulifikia isijiangamize. Mfasiri aliyelelewa katika Kifaransa ataandika kudumu mara mbili, na msomaji wa Kigoma atadhani ni msisitizo tu. Aliyelelewa katika Kiingereza ataandika kudumu kisha endelevu, na msomaji wa Rumonge atajiuliza endelevu ni nini kama si kuendelea kukaa kambini.

Kuna na kudumu nyingine zinazoishi ofisini. Kamati ya kudumu ya Bunge ni ile isiyovunjwa kila mjadala ukiisha. Ajira ya kudumu hukoma mtu akifikia umri wa kustaafu. Ulemavu wa kudumu ni ule ambao daktari hautarajii kupona. Kenya ilikuwa na Makatibu wa Kudumu wa Wizara ambao, kama kila mtumishi wa umma ajuavyo, walihamishwa na kuachishwa. Mazao ya kudumu ni yale yasiyopandwa upya kila msimu, na hapa Rumonge, kitovu cha mawese nchini, zao la kudumu maana yake ni mchikichi, mti ambao mkulima huacha kuutegemea kwa faida ukishapita takriban miaka 25 au 30. Kila kudumu hapo ina kipimo chake kinachofahamika. Lililokosa kipimo ni lile la suluhisho na la makazi. Halina umri wa kustaafu, halina msimu, halina daktari.

(Dumu lile la maji, kipipa cha plastiki ambacho Warundi wengi hukiita bido, ni neno jingine kabisa. Lakini aliyewahi kupita karibu na eneo la waliohamishwa atanisamehe nikisema kwamba huko madumu huonekana kwa wingi kuliko mambo ya kudumu.)

4. Nyumba ya kudumu na makazi ya kudumu

Katika sensa na tafiti za kaya za Afrika Mashariki, nyumba ya kudumu ni nyumba iliyojengwa kwa vifaa vya kudumu: tofali la kuchoma au la saruji, bati, sakafu ngumu. Maana hii ni ya ufundi, na ni nzuri. Makazi ya kudumu, kinyume chake, ni dhana ya kisheria: mahali ambapo mtu ana haki ya kukaa wala hawezi kuondolewa pasi na utaratibu na fidia. Maana ya kwanza inahusu tofali, ya pili inahusu hati. Kiswahili cha sera kimeyaacha yote mawili yasimame chini ya kirai kimoja, na msikilizaji hupita kutoka hii hadi ile bila kuona kizingiti.

Hatari yake haijifichi. Familia inaweza kujengewa nyumba ya kudumu juu ya ardhi isiyo na makazi ya kudumu. Mfadhili ataandika katika taarifa yake kwamba nyumba kadhaa za kudumu zimekabidhiwa, naye atakuwa amesema kweli. Mkuu wa familia atawaeleza watoto wake kwamba wamepewa makazi ya kudumu, na kwa jinsi Kiswahili kilivyo atakuwa hakukosea lugha. Miaka kadhaa baadaye mwenye shamba wa awali au mrithi wake akijitokeza, kila upande utakuwa na neno lilelile mkononi. Sidhani kwamba hili ni tatizo la uaminifu. Ni tatizo la kirai ambacho hakina mahali pa kuandika nani, kwa nani, hadi lini.

Kinyume chake pia hutokea, na mwambao unakionyesha vizuri zaidi. Sheria ya Maji ya Burundi ya 2012 imeweka eneo la ulinzi la mita 150 kandokando ya Ziwa Tanganyika. Ndani yake mna nyumba nyingi za vifaa vya kudumu, baadhi zilizojengwa kabla ya sheria hiyo. Mstari unaopimwa kutoka majini, zaidi ya hayo, una tabia ya maji. Ziwa likipanda, mtu aliyejenga mbali na mstari hujikuta karibu nao bila kuhamisha hata tofali moja. Historia ya ziwa hili inaonyesha kwamba ufuko wake haujawahi kuwa mahali pamoja. Cameron alipofika kwenye mto Lukuga 1874, na Stanley alipoukagua 1876, mkondo huo ambao ndio mlango pekee wa kutokea maji ulikuwa umezibwa kwa sehemu na matope na mimea. Muda mfupi baadaye maji yakapenya, na katika miongo iliyofuata ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ardhi ambayo sehemu ya wakazi wa mwambao huita ya mababu ilikuwa chini ya maji babu wa babu zao walipokuwa hai.

Ziwa lenyewe ndilo lenye haki ya kutumia maneno makubwa. Umri wake unakadiriwa kwa mamilioni ya miaka, kina chake kinakaribia mita 1,470, na maji yake ya chini hayana hewa ya oksijeni wala hayachanganyiki kwa urahisi na yale ya juu. Wanasayansi wanaposema kwamba tabaka hizo ni za kudumu, neno linafaa. Linapotumika siku hiyohiyo kwa karo la taka katika mwalo wa samaki, tumekwisha kulipunguza thamani.

5. Miaka 30

Kama kuna mahali ambapo umilele ulihesabiwa kwa tarakimu, ni katika ardhi ya Rumonge. Machafuko yalianza huko kusini mwishoni mwa Aprili 1972. Ukandamizaji uliofuata uliua watu wengi mno, na wakazi wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac wakavuka ziwa au mpaka kuingia Tanzania. Mashamba yao, pamoja na michikichi iliyokuwa ikizaa, yalichukuliwa na wengine, mengine kwa kugawiwa na mamlaka. Sheria ya Ardhi ya 1986 ilimpa aliyekalia ardhi nafasi ya kuwa mmiliki baada ya miaka 30, au 15 kama alikuwa na nia njema. Jumlisha 1972 na 30. Makubaliano ya Arusha ya Agosti 2000, yaliyosema kwamba mkimbizi lazima aweze kurudishiwa mali yake, hasa ardhi, yalisainiwa miaka 2 kabla ya hesabu hiyo kutimia. Tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine iliundwa 2006, baada yake.

Sasa sikiliza maneno ya pande mbili. Aliyerudi husema shamba ni letu daima, akimaanisha kwamba haki haikukatika siku hata moja alipokuwa uhamishoni. Aliyebaki husema tumekaa hapa, akitumia kitenzi cha kukaa, kwa kuwa kukaa kwake ndio ushahidi wake. Sheria haikuwa na daima wala kukaa. Ilikuwa na 30. Watanzania husema jinai haiozi. Mwambao wa Rumonge uliuliza kwa miongo kama haki ya ardhi nayo haiozi, na jibu lilibadilika kufuatana na mwaka na ofisi.

Upande wa pili wa ziwa, wakimbizi wa 1972 waliwekwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Yaliitwa makazi tangu mwanzo, si kambi, na hilo lilikuwa jambo la maana. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya 162,000 kati ya watu hao na watoto wao. Hicho ndicho kisa kimoja katika eneo letu ambapo kirai suluhisho la kudumu kilipata mtenda (serikali iliyotajwa), kitendwa (watu waliohesabiwa) na hati. Kilichukua zaidi ya miaka 40. Sitaki kukisifu kupita kiasi. Lakini anayetaka kujua kirai hicho kikikamilika kisarufi kinafananaje, akitazame.

Nchi nyingine za eneo hili zimeupa umilele wa ardhi tarakimu nyingine. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inaruhusu haki ya kumiliki kwa muda usiozidi miaka 99. Katiba ya Kenya ya 2010 ilishusha mikataba ya miaka 999 iliyokuwa mikononi mwa wasio raia hadi miaka 99. Tarakimu hizi hazina ushairi wowote, na ndiyo faida yake: kila mtu anajua ni lini wajukuu wataitwa ofisini.

6. Zidumu, na wa milele

Siasa nayo hutumia hazina hii. Vizazi viwili vya Watanzania vilikua vikisikia "Zidumu fikra za Mwenyekiti". Mengi yanaweza kusemwa dhidi ya desturi hiyo, lakini sarufi yake ni ya adabu: zidumu ni hali ya kutakia. Anayeitamka anakiri kwamba fikra hizo huenda zisidumu, ndipo anaziombea. Machi 2018, chama tawala cha Burundi kilimpa Rais Pierre Nkurunziza cheo cha Imboneza yamaho, ambacho kwa Kifaransa kilienea kama "Guide suprême éternel". Mwandishi wa habari wa Kiswahili alikuwa na uchaguzi. Kiongozi wa kudumu kungemweka kiongozi katika safu ya kamati, ajira na mazao, vitu vyenye muda. Kiongozi wa milele kulimhamishia kwenye safu ya uzima na raha, safu ambayo Kiswahili kimeizoea makanisani na misikitini. Vyombo vilivyofuata Kifaransa vilielekea milele. Nkurunziza alifariki Juni 2020. Sitoi hukumu juu ya cheo, nahoji tafsiri. Neno la Kirundi lilipitia Kifaransa kabla ya kufika Kiswahilini, ilhali Bujumbura, katika mitaa kama Buyenzi, kuna maelfu ya watu wanaozungumza Kirundi na Kiswahili tangu utotoni. Hakuna aliyelazimika kupita Paris.

7. Kurama

Njia hiyo ya moja kwa moja, kutoka Kirundi hadi Kiswahili, ina zawadi kwa mada yetu. Kirundi hutenganisha mambo ambayo Kiswahili cha sera kimeyachanganya. Kisicho na mwisho hutajwa kwa kukanusha: -dashira, -dahera, kisichokwisha. Kilichopo siku zote huchukua -horaho. Lakini maendeleo yanayoitwa endelevu Dodoma huitwa kwa Kirundi iterambere rirama, na amani ya kudumu ni amahoro arama. Kitenzi ni kurama, nacho maana yake ni kuishi miaka mingi, kuzeeka vizuri. Ndicho kitenzi cha kumtakia mtoto au bibi.

Tofauti ni kubwa. Kilichorama kilizaliwa, kililishwa, kiliugua kikauguzwa, mwishowe kitakufa, na hakuna aibu katika hilo. Mkazi wa Gitaza anayesikia "amani ya kudumu" kwa Kiswahili na kuielewa kwa Kirundi huenda anasikia kitu cha kawaida zaidi, na kinachodai kazi zaidi, kuliko kile ambacho msemaji wa warsha alikuwa nacho kichwani. Anasikia amani inayohitaji kulishwa.

Kiswahili nacho hakikukosa wazo hili. Tunalo katika wakfu. Mali iliyowekwa wakfu, msikiti, kisima au minazi, imeondolewa sokoni moja kwa moja, na hakuna taasisi nyingine ya kisheria katika utamaduni wa Waswahili iliyo karibu zaidi na umilele. Hata hivyo hakuna wakfu bila mutawali, msimamizi anayejulikana kwa jina, na Zanzibar ina Kamisheni nzima ya Wakfu na Mali ya Amana kwa kazi hiyo. Wanasheria wa kale hawakuona mgongano wowote. Walijua kwamba kadiri jambo linavyotakiwa kukaa muda mrefu, ndivyo linavyohitaji mtu wa kuamka asubuhi na kulifagia.

Kando ya barabara ileile ya kutoka Bujumbura kwenda Gitaza, huko Mugere, kuna jiwe lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Jiwe limekaa. Lakini wageni wengi huambiwa kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza, ilhali walikutana Ujiji siku kadhaa kabla. Maandishi yamehifadhiwa na mwamba. Maana yake ilihitaji watu, na watu hawakukubaliana.

Ninapendekeza basi jambo dogo kwa wafasiri na wahariri wa nyaraka za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ni mwanachama wake tangu 2007: -a kudumu kisipokelewe kama kivumishi cha ahadi mpaka kwanza kimegeuzwa kuwa kitenzi. Chukua sentensi ya kawaida ya warsha, niliyoitunga kwa mfano tu: "Wadau watashirikiana kupata makazi ya kudumu kwa waathirika wa maporomoko." Ikigeuzwa inakuwa: "Tarafa itawapa waathirika hati za viwanja, na nyumba zitakazojengwa juu yake zitadumu miaka 30 iwapo wizara itasafisha mifereji ya mlimani kila mwaka kabla ya mvua za Septemba." Sentensi ya pili ni ndefu, haipendezi kwenye bango, na inaweza kupingwa. Mjumbe wa wizara atauliza nani alisema 30. Mjumbe wa tarafa atauliza fedha za mifereji ziko katika kasma ipi. Mwenye shamba wa zamani atauliza viwanja gani. Hayo ndiyo maswali ambayo sentensi ya kwanza ilikuwa imewasaidia wote kutouliza, na huenda warsha ikalazimika kuendelea hadi siku ya pili.